Walter Obonyo Ondiek, Aliyengoja Kisanduku Kimoja

Tunayemuaga leo alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1965, katika hospitali ya Pumwani, kifungua mimba wa Mzee Gideon Ondiek na Mama Peres Achola. Mzee Gideon alikuwa mfanyakazi wa reli, na nyumba yao ilikuwa hapa Kaloleni, hatua chache kutoka ukumbi huu tulioketi. Wazazi wote wawili walimtangulia. Walter alifuatwa na ndugu watatu, na wa mwisho wao, Apondi, ndiye anayewasomea maneno haya.

Kaloleni ya utoto wake ilikuwa mtaa wa watu wa reli na wa baraza la jiji, na kila Desemba karibu nusu ya watoto walipakiwa kwenye gari moshi kwenda nyumbani magharibi. Walter alipelekwa Ugenya, kwa baba yake mdogo, ambako nyuma ya boma kulikuwa na kinamasi chenye mafunjo marefu. Huko ndiko yeye na Okinyi, mtoto wa baba yake mdogo, walikolala kifudifudi kwenye nyasi kuwatazama korongo wa taji, wale wanaoitwa owang' kwa Kijaluo, wakiruka na kuinamiana kama watu walio arusini. Aliporudi mjini aliwaambia watoto wenzake kwamba ndege wale wameajiriwa na serikali. Ushahidi wake ulikuwa kofia. Mtoto wa Kaloleni alijua kwamba mtu mzima anayevaa kofia ya namna ile kila siku ana kazi ya kudumu. Mama Peres alipenda kusimulia kwamba watoto walimwamini kabisa, ila mmoja aliyetaka kujua mshahara wao unalipwa wapi, na Walter akaja mbio jikoni kuuliza.

Alianza masomo mwaka wa 1972 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na uwanja wa City, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1978. Mwaka uliofuata alijiunga na Shule ya Upili ya Ambira, huko huko magharibi, na likizo fupi alizimalizia kwa baba yake mdogo, kwa sababu nauli ya kurudi Nairobi haikupatikana kila mara. Alipenda hesabu na jiografia. Baada ya kidato cha sita alisomea uhasibu katika chuo cha serikali jijini, akahitimu mwaka wa 1987.

Mwezi Februari 1988 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya ushuru, na humo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka wa 2020. Hakupanda cheo haraka. Wenzake wanamkumbuka kwa meza iliyokuwa safi kila jioni, na kwa tabia yake ya kumwita mlipa ushuru kwa jina badala ya nambari. Mzee Gideon alipofariki mwaka wa 1991, Walter akawa baba kwa wadogo zake. Apondi, aliyekuwa na miaka kumi wakati huo, hakuwahi kukosa sare wala kitabu, na siku ya kuhitimu ualimu alipigwa picha akiwa ameshikwa bega na kaka yake. Katika picha hiyo Walter anatazama pembeni. Alikuwa ameona ndege.

Alikutana na Everline Nabwire mwaka wa 1993 katika ukumbi huu huu, kwenye mazoezi ya kwaya. Everline alikuwa ametoka Busia na alifanya kazi katika kiwanda cha nguo, Industrial Area. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyochumbiwa. Wasichana wengine waliambiwa macho yao ni mazuri. Yeye aliombwa karatasi yake ya mshahara. Walter aliisoma chini ya taa ya mlangoni, kisha akamwambia kwa huzuni kubwa kwamba kiwanda kilikuwa kimesahau kumpa punguzo la ushuru ambalo kila mfanyakazi anastahili. Serikali ilipomrudishia Everline haki yake, alinunua viatu vyeupe, na ndivyo alivyovaa walipofunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, katika Kanisa la Anglikana la mtaani Jericho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Carolyne Awuor na Fidel Ondiek. Mwaka wa 2001 walihamia mtaa wa Tena, wakaishi huko mpaka mwisho.

Kuna jambo moja katika maisha yake ambalo wengi wenu mlilijua kwa mzaha, na familia imeona vyema lisimuliwe sawasawa leo.

Mwaka wa 1998 ofisi ilimtuma kwa mafunzo ya miezi michache katika jimbo moja la katikati ya Marekani. Alipangiwa chumba kwa mjane mzee aliyeitwa Bi Doris. Jioni moja ya Aprili alimkuta amekaa mezani jikoni akijaza fomu ya ushuru wa mapato ya jimbo lake. Karibu na mwisho wa fomu palikuwa na kisanduku kidogo, na Bi Doris aliandika humo dola mbili. Walter, kwa kuwa fomu ndizo zilizokuwa kazi yake, aliuliza ni ushuru gani ule. Akaambiwa si ushuru. Ilikuwa nafasi ya mtu kuacha kiasi kidogo cha pesa ambazo jimbo lingemrudishia, ziende kuwatunza wanyama wa porini. Wawindaji huwalipia wanyama wanaowawinda, Bi Doris alisema, lakini bundi na vyura hawana mtu.

"Nani amekulazimisha?" Walter aliuliza.

"Hakuna," Bi Doris akajibu. "Ndiyo maana nimeandika."

Walter alirudi nyumbani na wazo hilo, wala halikumtoka tena. Kwetu, alisema, simba analipiwa langoni na mgeni aliyetoka mbali. Tembo vilevile. Lakini owang' wa kinamasi cha Ugenya hana lango. Hakuna mtalii atakayefika nyuma ya boma la Okinyi, na hakuna anayemlipa Okinyi kwa kuliacha shamba lake likiwa na maji. Kumbe Mkenya anayejaza fomu yake angeweza kupewa kisanduku kimoja, akitaka aache shilingi chache, asipotaka apite.

Desemba ya mwaka huo alikwenda Ugenya kumweleza Okinyi. Alimkuta amesimama ukingoni mwa kinamasi na miche ya mikaratusi. Majirani walikuwa wameanza kupanda mikaratusi kila palipokuwa na maji, kwa sababu mti huo hukausha ardhi na nguzo zake zina soko. Okinyi alikuwa tayari kuchimba mtaro wa kutoa maji mvua zikipungua. Walter akamwomba angoje. Alimwambia serikali itawalipa watu wanaotunza mahali kama pale, na kwamba utaratibu wake ungechukua mwaka mmoja, ikizidi sana miwili.

Lilikuwa kosa ambalo labda karani tu angelifanya. Aliamini kwa moyo wote kwamba ombi likiandikwa vizuri, likapitia mlango ufaao, litajibiwa.

Okinyi aliipanda ile miche kando ya barabara, mahali pakavu, akangoja.

Walter aliandika. Alipeleka pendekezo lake kwa wakubwa wake, na kila mmoja alilisifu. Baadaye nchi ilipopata katiba mpya na wananchi wakaanza kuitwa kutoa maoni kuhusu mswada wa fedha, alilipeleka huko pia, kila Mei, akiwa amevaa suti ya kijivu. Kila mswada ulipopita, Okinyi alipiga simu kutoka Ugenya. Mazungumzo yao, ambamo Walter alimwita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, yalikuwa mafupi mno hata watoto walijifunza kuyaigiza.

"Kisanduku kimekuja?"

"Bado, omera."

"Haya. Mwaka mmoja tena."

Kisha ikawa zamu ya Walter kuuliza kama ndege wamekuja. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa kwamba wamekuja, wawili, na kwamba mwaka huu wana mtoto. Siku hizo Everline alijua habari ya simu kabla ya kuambiwa, kwa sababu mumewe angezunguka nyumba akiimba sauti ya tatu ya wimbo wowote uliokuwa karibu.

Kungoja huko kulimgharimu Okinyi. Majirani zake waliuza nguzo, wakaezeka mabati mapya, wakasomesha. Yeye alikata mafunjo ya kusukia mikeka akauza sokoni. Walter alijua, na jambo hilo lilimnyima raha. Mara mbili alijaribu kumtumia pesa zake mwenyewe, na mara mbili Okinyi alizirudisha kwa simu ile ile. "Sitaki za ndugu," alisema. "Wewe uliniambia serikali."

Hapa Eastlands tulimfahamu zaidi mwezi wa Juni. Tangu marejesho ya ushuru, yaani fomu za mapato za kila mwaka, yalipohamia mtandaoni, Walter alitumia Jumamosi zake za Juni katika chumba cha nyuma cha ukumbi huu, akiwasaidia watu kuwasilisha marejesho yao bila malipo. Walikuja walimu, mabawabu, wenye maduka kutoka Eastleigh, na vijana wasio na kazi ambao sheria inawataka watangaze kwamba hawakupata kitu. Alipomaliza na kila mmoja, aliuliza swali lile lile: kungekuwa na kisanduku cha wanyama hapa chini, ungejaza?

Everline alimshauri aweke mkebe mezani. Watu wangetoa, na pesa zingefika kwa Okinyi bila kupitia mikono mingi. Walter alikataa. Alisema mkebe ni wa watu wanaomjua Walter na kumwonea aibu. Yeye alitaka mtu asiyemjua, aliye Garissa au Kilifi, peke yake na fomu yake, asiyetazamwa na yeyote, aamue kwamba ndege ambaye hatamwona kamwe ni wake pia. Everline akamwambia kwamba ndege hali hotuba. Walter alikubali kwamba ni kweli, na mkebe haukuwekwa.

Katika kikao kimoja cha maoni ya mswada, mbele ya ukumbi uliojaa, alipewa dakika mbili. Alipotaja pesa za hiari juu ya ushuru, watu walicheka hadi viti vikalia. Bwana Maingi, anayeuza vipuri vya magari, alisimama nyuma.

"Mzee, hawa wametukamua hadi tumebaki maganda, na wewe unawaletea glasi nyingine?"

Walter alicheka pamoja nao. Kisha akasema, "Maingi, huu pekee ndio ushuru unaoweza kuukataa na hakuna mtu atakayekufuata dukani."

Maingi akafikiri kidogo. "Basi andika jina langu. Mimi ni wa kwanza kukataa."

Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Kila Juni Bwana Maingi alikuja kufanyiwa marejesho yake, na kila Juni alikataa kisanduku ambacho hakikuwepo, kwa sauti ya kusikika hadi nje.

Juni ya mwaka 2024 haikuwa ya mzaha. Vijana walikuwa barabarani wakiukataa mswada wa fedha, na Fidel alikuwa miongoni mwao. Asubuhi moja, akijiandaa kutoka, alimuuliza baba yake swali ambalo Walter hakulisahau.

"Baba, ile ya lazima tu hatujui inaenda wapi. Nani atawapatia ya hiari?"

"Ya hiari ndiyo utauliza imeenda wapi," Walter akamjibu. "Ya lazima mmezoea kutouliza."

"Sasa tunauliza, Baba."

Walter alimtazama mtoto wake toka juu hadi chini, akamwambia asitoke na zile sandali, avae viatu vya kukimbilia. Kutwa nzima alikaa kando ya redio. Fidel aliporudi salama jioni, baba yake alimwandalia chai mwenyewe na hawakuzungumza habari za kisanduku. Everline anasema tangu siku hiyo Walter hakucheka tena pamoja na waliomcheka. Alianza kuona kwamba alikuwa akiwaomba watu imani, na imani ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa. Februari 2023 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, na kuanzia hapo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alivumilia bila kulalamika. Alirudi kutoka hospitalini akiwa amechoka kiasi cha kushindwa kula, na bado aliuliza kama kuna aliyekuja kutafuta msaada wa marejesho. Awuor aliacha chumba alichokuwa amekodi mtaa wa Umoja akarudi nyumbani kumuuguza. Familia inamshukuru, na inawashukuru wauguzi wote waliomhudumia.

Na Ugenya nako habari zilikuwa zimebadilika. Mikaratusi ya majirani ilikuwa imezunguka kinamasi pande zote, na maji yalikuwa yakipungua. Mwaka mmoja Okinyi alisema kwenye simu kwamba amekuja mmoja tu, amekaa asubuhi moja, ameondoka. Mwaka uliofuata alisema hawajaja. Walter aliuliza kama labda walikuja akiwa sokoni. Okinyi alisema labda.

Mei mwaka huu Walter hakuweza kusimama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza suti ya kijivu ilibaki kabatini. Tulidhani ombi lake lingeishia hapo. Aliyekwenda kulisoma kikaoni alikuwa Bwana Maingi, ambaye hakutumwa na mtu. Jioni hiyo alimfuata Walter hospitalini alikokuwa akisafishwa damu, akaketi kando ya kitanda na kofia mapajani.

"Wamenicheka, mzee."

"Wote?"

Maingi akavuta kumbukumbu. "Wawili hawakucheka."

"Basi wameongezeka," Walter akasema, akafumba macho, na tabasamu lilikaa usoni pake muda mrefu.

Mswada ulipita bila kisanduku. Safari hii Okinyi hakupiga simu. Alipanda basi la usiku, akafika nyumbani Tena akiwa na kuku wa Everline na barua ya chuo iliyomwita binti yake masomoni Septemba. Hakusema alichojia, lakini sote tulijua: karo ilihitajika, na kinamasi ndicho alichokuwa nacho. Mikaratusi ikipandwa leo inaweza kuahidiwa mnunuzi leo, na malipo ya mwanzo hutolewa mtaro ukishachimbwa. Wawili hao walikaa bega kwa bega kama watu waliokuwa wakitazama kitu kilekile. Walter ndiye aliyeanza.

"Wamekuja?"

"Hawajaja."

"Basi chimba, omera. Nimekungojesha mno."

Okinyi alikuwa akiangalia dirishani. "Nani alikwambia nilikuwa nakungoja wewe?" alisema.

Awuor aliwaletea chai, wakanywa, na Okinyi alilala Tena siku mbili kisha akarudi. Tangu hapo Walter hakuuliza tena habari za ndege, na sisi hatukumtajia. Ila mara nyingi, akisafishwa damu, aligeuza uso upande wa dirisha, mahali palipoonekana kipande cha anga juu ya paa la kiwanda, na muuguzi alipomuuliza kama anaumwa alisema hapana, anatazama tu.

Walter alifariki Jumapili, tarehe 31 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, Everline akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini.

Ameacha mjane wake, Everline Nabwire. Watoto wake, Carolyne Awuor na Fidel Ondiek. Wadogo zake watatu. Okinyi, aliyekuwa kwake zaidi ya mtoto wa baba mdogo. Na jamaa na majirani wengi wa Kaloleni, Tena na Ugenya. Tutamzika nyumbani Jumamosi, tarehe 13 Septemba.

Wengi mmeuliza kuhusu kinamasi. Binti wa Okinyi ameripoti chuoni juma lililopita, na ukoo bado unazungumza jinsi atakavyolipiwa karo iliyobaki. Bwana Maingi na baadhi ya waliohudumiwa na Walter katika chumba cha nyuma wameomba wapewe nafasi kwenye mazungumzo hayo, na wameambiwa karibu. Jana Apondi alimpigia Okinyi kuulizia kaburi. Okinyi alisema liko upande wa juu wa boma, mahali pakavu, na kwamba vijana wameshalianza. Apondi alitamani kuuliza la pili, kama mtaro umechimbwa, akashindwa. Okinyi, kama mtu anayejibu, akasema maji bado yapo.

Pumzika, Walter, katika amani ya Bwana wako. Kungoja tumebaki nako sisi.